Gari Kutetemeka Likiwashwa Asubuhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari linawashwa alfajiri, injini inatetemeka, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka, pengine injini inazima kabisa. Dakika tano baadaye imetulia kama vile haikuwa na kasoro yoyote. Majibu haya ni kwa wenye magari ya petroli tunayoyaona kila siku barabarani kwetu, Vitz, IST, Probox, Premio, Noah na mengine ya aina hiyo, na hasa wanaoishi kwenye baridi ya Njombe, Mbeya, Limuru au Eldoret. Jambo moja naomba lishikwe tangu mwanzo: ushahidi wa tatizo hili unapatikana katika dakika zile chache za mwanzo tu. Usinunue kifaa chochote kabla ya kuzitazama vizuri.

Je, kutetemeka kidogo si kawaida kwa injini baridi?

Kidogo, ndiyo. Kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke wa petroli, si petroli ya majimaji. Injini ikiwa baridi, sehemu ya mafuta yanayopulizwa hung'ang'ania kwenye kuta za manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) na migongo ya vali bila kugeuka mvuke. Kwa hiyo kompyuta ya gari huongeza mafuta na kupandisha mzunguko hadi RPM 1,200 au 1,500, kwa baadhi ya magari zaidi kidogo, kisha huushusha taratibu hadi 700 hivi kadiri joto linavyopanda. Wakati huo sensa ya oksijeni kwenye ekzosi bado haijafikia joto lake la kazi, kama nyuzi 300 za Selsiasi, hivyo kompyuta inakadiria tu mchanganyiko bila kujua umewakaje. Udhaifu mdogo ambao mchana ungerekebishwa kimyakimya, asubuhi unaonekana wazi.

Sauti ya juu lakini iliyo sawa haina tatizo. Kinachostahili kufuatiliwa ni mdundo unaokosekana, yaani misi, mshale unaochezacheza, harufu kali ya petroli nyuma ya gari, au injini kuzima unapotoa mguu kwenye mafuta.

Nitazame nini kabla ya kumwita fundi?

Usiku uliotangulia hakikisha gari limelala limezimwa angalau saa nane. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti utazame kiasi cha maji au kulanti kwenye tangi la akiba na kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi unaweza kufungua mfuniko wa rejeta bila hatari. Pima oili. Kisha zima AC, taa na redio, umwombe mtu asimame nyuma akitazama ekzosi, nawe urekodi dashibodi kwa simu tangu unapozungusha ufunguo.

Unachotafuta katika video hiyo: starta imezunguka kwa muda gani kabla injini haijashika? RPM ilifika ngapi, na ilikaa au ilicheza? Mtetemo ulianza papo hapo au baada ya nusu dakika? Ulikoma lini, na mshale wa joto ulikuwa wapi ulipokoma? Moshi ulikuwa wa rangi gani? Ukikanyaga mafuta kidogo, injini inatulia au inazidi kukohoa? Fundi mzuri akipewa majibu haya ameokolewa nusu ya kazi. Na kama karakana au banda lako limefungwa, litoe gari nje kwanza. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Nikifika gereji gari limeshatulia, na fundi anasema halina tatizo. Nifanyeje?

Liache lilale pale. Ndiyo njia ya pekee ya haki, kwako na kwa fundi. Mwombe aliwashe mwenyewe asubuhi, mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikiwa imeshachomekwa. Kulizima gari kwa muda wa saa mbili tu mchana hakutoshi, kwa sababu injini hutunza joto kwa muda mrefu. Fundi anayekubali utaratibu huu, mshike. Anayetaja kifaa cha kununua kabla ya kuona mtetemo anabahatisha kwa pesa yako.

Naambiwa nianze na plagi. Ni ushauri mzuri?

Kuzifungua na kuzitazama ni ushauri mzuri sana. Kuzinunua bila kuzitazama, hapana.

Plagi za kawaida huchoka kwenye kilomita 20,000 hivi, za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST, Probox na Vitz nyingi hutumia plagi zenye mwanya wa milimita 1.1. Mwanya ukipanuka kwa kuchoka, koili inahitaji nguvu kubwa zaidi kurusha cheche, na asubuhi, betri ikiwa imepungua nguvu na silinda zikiwa na mafuta ya ziada, nguvu hiyo ndiyo inayokosekana. Soko letu pia lina plagi bandia zinazobandikwa majina ya Denso na NGK. Bei ikiwa ya chini mno ukilinganisha na maduka mengine, iache.

Zitoe zikiwa na alama ya silinda zilikotoka, uzipange. Masizi makavu meusi kwenye zote nne yanaonyesha mafuta mengi kupita kiasi. Plagi moja iliyolowa petroli inaonyesha silinda ambayo haiwaki. Iliyolowa oili kwenye nyuzi na mwili wa nje inasema gasketi ya kava ya tapeti inavujisha ndani ya tundu la plagi, na hapo mpira wa koili unaharibika pia. Na moja iliyo safi isivyo kawaida, kana kwamba imeoshwa, itazame kwa hofu: huenda maji yanaingia silinda hiyo. Nitalirudia.

Kwa koili, njia rahisi ni kuhamisha. Mashine ikitoa kodi (namba ya hitilafu) P0302, maana yake silinda ya pili inamisi. Peleka koili ya pili kwenye silinda ya tatu na ya tatu uilete ya pili, liache gari lilale, uwashe tena. Kodi ikihamia P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Angalia plagi, nozeli inayopuliza mafuta au mgandamizo wa silinda. Hakuna haja ya kununua koili nne kwa sababu ya moja.

Taa ya cheki injini haiwaki. Bado mashine itasaidia?

Itasaidia, tena sana. Fundi asiishie kwenye kodi, aingie kwenye taarifa zinazoonyeshwa moja kwa moja injini ikiwa inazunguka. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha ELM327 kinaweza kukutosha, ingawa magari ya zamani ya soko la Japani mara nyingi hayaelewani nacho na yanahitaji mashine ya fundi.

Kwanza, kabla ya kuwasha, linganisha joto la kulanti na joto la hewa inayoingia. Gari limelala usiku mzima, kwa hiyo namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane. Asubuhi ya Makete yenye sakitu, hewa ikisoma 6 na kulanti ikisoma 45, sensa ya joto la injini inaidanganya kompyuta, nayo inatoa mafuta machache kwa injini ambayo bado imeganda.

Pili, injini ikishapata joto, tazama marekebisho ya mafuta, yanayoandikwa STFT na LTFT. Ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri kwa kawaida hakuna wasiwasi. Yakiwa juu, tuseme jumlisha 18 kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), lakini yakashuka karibu na sifuri ukishikilia RPM 2,500, kuna sehemu injini inavuta hewa ya pembeni. Yakibaki juu hata kwenye mzunguko mkubwa, fikiria pampu ya mafuta, chujio au sensa ya hewa.

Gari langu halina thamostati, iliondolewa zamani. Je, inahusika?

Inahusika moja kwa moja, na hili ndilo jambo ninaloomba mafundi wetu waliache. Desturi ya kutoa thamostati "kwa sababu nchi yetu ni ya joto" imeenea, na mara nyingi huandamana na feni kuungwa moja kwa moja ili izunguke muda wote. Injini iliyofanyiwa hivyo haipati joto lake. Thamostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Pwani utaona gari linachelewa kupata moto. Njombe mjini, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, linaweza kuteremka mlima mzima mshale wa joto ukiwa chini.

Kompyuta ikiona injini bado baridi inaendelea kuongeza mafuta. Plagi zinashika masizi, petroli inaosha kuta za silinda na kuteremkia kwenye oili, gari linakula mafuta. Kesho yake asubuhi plagi zilezile chafu ndizo zinazotakiwa kuwasha. Kama gari lilichemka zamani, dawa ilikuwa kutafuta sababu: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, mfuniko usioshika presha. Rudisha thamostati ya nyuzi sahihi, weka kulanti badala ya maji ya bomba, na acha feni iamuliwe na kompyuta.

Sensa yenyewe ya joto ni rahisi kupima kwa mita. Kwenye Toyota nyingi inasoma takriban kiloomu 2 hadi 3 ikiwa nyuzi 20, na hushuka hadi kati ya kiloomu 0.2 na 0.4 kwenye nyuzi 80.

Injini "inavuta hewa" maana yake nini, na kwa nini asubuhi tu?

Hewa yote inayoingia kwenye silinda inatakiwa ipite kwenye sensa ya hewa ili ihesabiwe. Mpira uliopasuka, hosi ya breki iliyolegea au gasketi ya manifoldi iliyokakamaa hupitisha hewa ambayo haikuhesabiwa, na mchanganyiko unakuwa na mafuta pungufu. Mpira na plastiki hunywea kwenye baridi. Joto likija vinatanuka, mwanya unajiziba, na mtetemo unakwisha. Injini ya 1ZZ-FE, iliyokuwa kwenye Corolla na Premio za miaka ya 2000, inajulikana kwa gasketi ya manifoldi ya aina hiyo, na kodi yake ni P0171.

Tafuta kwa masikio kwanza: mlio wa mluzi mwembamba karibu na manifoldi. Kisha nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio, mbali na koili na soketi za umeme. Sauti ikibadilika, umepapata. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, ila inashika moto kirahisi karibu na ekzosi. Njia bora kuliko zote ni mashine ya moshi, na gereji inayokuwa nayo inastahili safari.

Nikisafisha throtoli, nitapona?

Inawezekana. Masizi yakijenga ukingo kuzunguka kipepeo cha throtoli, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, hewa ya sailensi inapungua. Kwenye magari ya zamani kuna pia vali ndogo ya hewa ya sailensi, na hiyo ndiyo inayofungua zaidi asubuhi. Ikikwama, injini inazima kila ukitoa mguu. Safisha kwa dawa ya throtoli na kitambaa laini, ufunguo ukiwa umetolewa. Kipepeo cha umeme usikisukume kwa nguvu.

Baada ya kusafisha, au baada ya kutoa betri, mzunguko unaweza kuyumba kwa siku kadhaa. Kompyuta imepoteza kumbukumbu ya nafasi ya throtoli na inajifunza upya, kwa hiyo kabla hujamlaumu fundi, ipe nafasi au umwombe airudishe kwa mashine.

Starta inazunguka muda mrefu, injini ikishika inatetemeka sekunde chache kisha inatulia. Hii ni nini?

Presha ya mafuta inashuka usiku. Pampu ina vali ndogo ya kuzuia mafuta kurudi kwenye tangi, na ikichoka, bomba linabaki bila presha. Weka ufunguo kwenye ON sekunde tatu, zima, rudia mara mbili, ndipo uwashe. Gari likishika haraka, umepata pa kuanzia. Baadhi ya magari hayawashi pampu mpaka injini izunguke, hivyo kwa hayo kipimo hiki hakitasema kitu. Kwa uhakika zaidi ni geji: 1NZ-FE inatakiwa kuwa na psi 44 hadi 50, na dakika tano baada ya kuzima isishuke chini ya 21.

Ikiwa kuna harufu ya petroli na moshi mweusi mara tu inaposhika, presha hiyo inaishia ndani ya silinda kupitia nozeli inayovuja. Nozeli za namna hiyo zipelekwe kwenye mashine ya kupima na kusafisha, si kumwagia dawa kwenye tangi tu.

Gari langu Dar es Salaam lina mfumo wa gesi ya CNG. Likiwa kwenye gesi ni zuri, likiwaka asubuhi linatetemeka.

Magari yaliyofungwa mfumo huo kwa kawaida huwaka kwa petroli, kisha hubadilika kwenda gesi injini ikipata joto. Kama kwenye gesi linatulia mara moja, plagi, koili na mgandamizo vina nafasi ndogo ya kuwa sababu, kwa kuwa vinatumika pande zote mbili. Tazama upande wa petroli. Nozeli zinatumika dakika chache tu kwa siku, na mafuta yanakaa kwenye tangi miezi. Usiache petroli iishe kabisa, maana pampu hupozwa na mafuta yale yale, na endesha kwa petroli umbali fulani kila wiki.

Inawezekana ni mafuta yaliyochakachuliwa?

Inawezekana, hasa kama tatizo lilianza ghafla baada ya kujaza tangi. Mafuta taa yakichanganywa na petroli hayageuki mvuke kirahisi kwenye baridi, na oktani inashuka, kwa hiyo utasikia pia injini ikigonga unapopanda mlima. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukabili uchakachuaji, na Kenya mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu hiyo hiyo. Jaza kituo kingine unachokiamini, tunza risiti, na ulinganishe.

Kuna moshi mweupe asubuhi. Niogope?

Mvuke mwepesi unaopotea hewani na matone ya maji kwenye ekzosi ni kawaida siku ya baridi. Moshi mweupe mzito, wenye harufu tamu ya kulanti, unaoambatana na misi ya silinda moja kwa dakika moja au mbili, si wa kawaida. Usiku, presha iliyobaki kwenye rejeta husukuma maji kidogo kupitia gasketi ya silinda hedi iliyochoka. Asubuhi silinda hiyo inajaribu kuwaka ikiwa na maji, plagi yake inaoshwa, na ndiyo ile plagi safi niliyoitaja juu.

Kama maji yanapungua na huoni tone chini ya gari, acha kuliendesha mpaka lipimwe. Kuna kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kikigeuka njano, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Gasketi ikigunduliwa mapema hubadilishwa na hedi kusawazishwa, basi. Ikichelewa, maji yakijaa silinda, unaweza kupinda koneksheni rodi siku unapowasha.

Noah yangu ni ya D-4. Je, ni tofauti?

Ndiyo. Injini za D-4 kama 1AZ-FSE, pamoja na GDI ambazo Mitsubishi ilizianzisha mwaka 1996, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Migongo ya vali za kuingizia haioshwi na mafuta, hivyo kaboni hujengeka pale na kuvuruga hewa, na baridi inazidisha. Dawa ya kwenye tangi haifiki huko kabisa. Inabidi manifoldi ifunguliwe na vali zisafishwe kwa mkono au kwa kupulizia maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa, kazi ambayo gereji chache zinaifanya. Pampu ya presha kubwa nayo ipimwe.

Mshale wa RPM umetulia kabisa lakini gari zima linatikisika.

Hiyo si misi. Tazama maunting, yaani mipira inayoshikilia injini, hasa kama mtikisiko unazidi ukiweka D huku umekanyaga breki na unapungua ukiweka N.

Oili nzito inaweza kuleta tatizo hili?

Kwa injini za VVT-i, zenye mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali, inaweza kuchangia. Mfumo huo unaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vali ndogo yenye kichujio. Ukiweka 20W-50 kwenye injini iliyoundiwa 5W-30, asubuhi ya nyuzi 5 oili inachelewa kufika. Oili iliyogeuka tope ni mbaya zaidi, kwani huifanya vali hiyo ikwame wazi, na kodi ya P0011 inatokea.

Na dizeli?

Kwa Hiace, Prado ya 1KZ-TE na Land Cruiser ya 1HZ, anza na plagi za kupashia moto. Zipime moja moja kwa mita. Iliyokatika haipitishi umeme. Mbili zikifa, utaona moshi mweupe unaowasha macho na mtetemo unaokwisha injini ikipata moto. Zikiwa nzima zote, tafuta hewa kwenye bomba la mafuta.

Naweza kuendelea kuendesha, au nilipashe moto kwanza?

Cheki injini ikiwa inamwekamweka, silinda zinamisi kiasi cha kutupa petroli mbichi kwenye katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), nayo inaungua. Punguza mwendo na uende kwa fundi. Taa ikiwa imezimwa na mtetemo ni wa dakika moja, unaweza kuendesha huku ukipanga siku ya kipimo. Kulipasha moto nusu saa hakusaidii kitu. Nusu dakika hadi dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu bila kuvuta RPM kubwa.

Plagi mpya, koili nzima, throtoli safi, hakuna hewa inayovutwa, na bado linatetemeka. Kinachofuata ni nini?

Mgandamizo. Toa plagi zote, zima mfumo wa mafuta, kanyaga throtoli hadi mwisho, zungusha starta. Kwa 1NZ-FE kitabu kinataja psi 213 kwa injini nzuri na 156 kama mwisho wa chini, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 14 hivi. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Njombe au Eldoret hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo silinda zote nne zikisoma chini kwa pamoja na kwa usawa, fundi asikimbilie kusema ringi zimekwisha. Cha kutazama hapo ni tofauti kati yao.

Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zinahusika. Isipopanda, ni vali: pengine haikai vizuri kwenye kiti chake, pengine nafasi ya tapeti imebana. Nafasi hiyo, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa vali za kuingizia na 0.25 hadi 0.35 kwa za kutolea. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yake, na hedi itabidi ifunguliwe.